Mweka Hazina Asiye na Cheo: Mama, Kazi za Nyumbani na Fedha za Kaya katika Historia ya Mwanza

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu husikika sana katika semina za ujasiriamali, na mara nyingi huelekezwa kwa akina mama: andikeni mapato, andikeni matumizi, tenganisheni mfuko wa biashara na mfuko wa nyumba. Ushauri wenyewe ni mzuri. Lakini msomaji wa historia anaweza kuugeuza msemo huo na kuuelekeza upande wa pili. Mali inayozalishwa na mama anayefanyia kazi nyumbani, tangu enzi za pamba hadi zama hizi za miamala ya simu, imeandikwa katika daftari la nani? Ikiwa haikuandikwa popote, je, tushangae kwamba imepotea bila habari?

Makala haya yanajenga hoja moja. Katika ukanda huu wa Ziwa Viktoria, uchumi mkubwa umebadilika mara kadhaa: pamba, mishahara, sangara, na sasa huduma za mjini. Kila mara fedha za uchumi huo zimeingia nyumbani kwa vipindi, ilhali tumbo halingoji kipindi. Mtu aliyepewa kazi ya kuzigeuza fedha za msimu kuwa chakula cha kila siku ni mama. Hiyo ni kazi ya uhazina. Serikali, vyama, benki na mahakama vimechelewa kuitambua, na hata vilipoitambua, vilifanya hivyo kwa masharti yanayostahili kujadiliwa.

Nimeichagua Nyegezi kuwa dirisha la kutazamia jambo hili kwa sababu hapa historia zote hizo zinakutana. Ni kata iliyo kusini mwa katikati ya Jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Shinyanga, yenye stendi kubwa ya mabasi upande mmoja na ghuba ya ziwa upande mwingine. Nyegezi ina chuo cha uvuvi. Kwa jina lake pia ilijulikana taasisi ya mafunzo ya jamii iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1960, ambayo mwaka 1998 ilizaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, na uhasibu ulikuwa miongoni mwa masomo yaliyoipa sifa. Kwa miongo mingi, basi, Nyegezi imefundisha watu kutunza hesabu za mashirika na ofisi. Nje ya uzio wa chuo, hesabu nyingine zilikuwa zikitunzwa kichwani, jikoni, bila cheti.

Pamba: fedha mara moja kwa mwaka

Tuanze na zao lililoijenga Mwanza. Mkoloni alipotaka kodi ilipwe kwa fedha taslimu, familia ya Kisukuma ililazimika kutafuta kitu cha kuuza. Pamba ikawa jibu kuu. Kilometa chache kusini mwa mji, huko Ukiriguru, kituo cha utafiti cha serikali kilizalisha mbegu bora zilizoenea katika ukanda wote. Katika miaka ya 1950 wakulima walijipanga wenyewe dhidi ya wafanyabiashara wa kati waliowapunja kwenye mizani, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano mkubwa wa vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Baada ya uhuru, Bomani huyo huyo alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Ni historia tunayojivunia, na tuna haki ya kujivunia.

Hata hivyo, tukifungua daftari la ushirika tutakuta kwamba mwanachama aliyeandikwa, aliyepimiwa pamba na kulipwa, kwa kawaida alikuwa mkuu wa kaya, yaani mume. Palizi na uchumaji vilifanywa na familia nzima. Mke alikuwa na mzigo wa pili: shamba la chakula, maji, kuni, watoto na wazee. Fedha za pamba zilikuja mara moja kwa mwaka, msimu wa kuuza ulipofika. Zikilipa kodi, zikanunua ng'ombe, zikatoa mahari ya kijana, zikanunua baiskeli na bati. Siku nyingine zote za mwaka, chumvi, mafuta ya taa na sabuni vilitokana na vitu vidogo alivyouza mama: mayai, karanga, viazi, pombe ya kienyeji, mikeka.

Mgawanyo huu ndio mzizi wa kila kitakachofuata. Fedha kubwa ilikuwa na jina la mtu na stakabadhi. Fedha ndogo haikuwa na jina. Lakini familia isingefika msimu wa pili wa pamba bila ile fedha ndogo. Kwa lugha ya wahasibu wetu, pamba ilileta mapato na mama alisimamia ukwasi. Kaya yenye ng'ombe wengi zizini inaweza kukosa chumvi Jumanne. Aliyeizuia Jumanne hiyo isiwe ya aibu ndiye mweka hazina.

Mwaka 1983: serikali moja, kauli mbili

Kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na katikati ya miaka ya 1980 nchi yetu ilipita katika dhiki ambayo wazazi wetu wanaikumbuka kwa foleni za sukari na sabuni. Vyama vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilikausha hazina, bei ya mafuta duniani ilipanda, na Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda. Thamani halisi ya mshahara ilishuka kwa zaidi ya nusu. Mfanyakazi aliyelisha familia kwa mshahara wa mwezi mwanzoni mwa miaka ya 1970, muongo mmoja baadaye aliona mshahara ule ule ukimalizika kabla wiki ya pili haijaisha.

Swali la mwanahistoria ni rahisi: familia za wafanyakazi zilikula nini wiki ya tatu na ya nne? Mwanasayansi wa siasa Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Dar es Salaam katika miaka hiyo na kuchapisha kitabu mwaka 1997, alionyesha kwamba familia za mjini ziliishi kwa miradi midogo, na sehemu kubwa ya miradi hiyo iliendeshwa na wanawake nyumbani au jirani na nyumbani: maandazi, vitumbua, kushona, kufuga kuku, kuuza mkaa kwa mafungu. Neno lenyewe "mradi" lilishuka kutoka kwenye hotuba za maendeleo likaingia uani. Mwanza nayo ilikuwa mji wa viwanda na ofisi, na hakuna sababu ya kudhani kwamba jiko la mfanyakazi wa Mwanza lilikuwa na muujiza mwingine.

Sasa tutazame mwaka 1983. Katika mwaka huo serikali ilipitisha sheria ya kugawa nguvukazi, na kampeni yake ikajulikana kwa jina la Nguvu Kazi. Shabaha ilikuwa kuwaondoa mijini watu wasio na kazi inayotambulika na kuwapeleka mashambani. Mtu alitakiwa athibitishe kazi yake. Mwanamke asiye na ajira rasmi alikuwa katika hatari ya kuhesabiwa mzururaji, na kinga yake mara nyingi ilikuwa kuthibitisha kwamba ni mke wa mtu. Baadaye leseni ndogo zilitolewa kwa baadhi ya biashara, lakini ujumbe wa awali ulikuwa umefika: kazi ya nyumbani si kazi.

Katika mwaka huo huo wa 1983, Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawanya mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja pale ndoa inapovunjwa, na inaitaka izingatie mchango wa kila upande kwa fedha, mali au kazi. Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Wapo walioona kwamba kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke tu na havijengi haki katika nyumba iliyonunuliwa kwa mshahara wa mume. Wapo waliokataa mtazamo huo. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilimaliza ubishi: kazi za nyumbani ni sehemu ya juhudi za pamoja, kwa sababu ustawi wa familia ni sehemu ya shughuli za kiuchumi za familia.

Kwa hiyo, mwaka mmoja, chombo kimoja cha dola kilimwambia mama wa nyumbani athibitishe kwamba ana kazi, na chombo kingine kikamwambia kwamba anayo tayari.

Wanafunzi wa sheria huisoma hukumu hii kama ushindi, na kwa upande wa kanuni ni ushindi mkubwa. Lakini wengi husahau mwisho wake. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo. Mahakama iliona kwamba mume alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara ya familia, na kwamba alizitumia vibaya bila biashara kusimama. Mchango wake wa kazi za nyumbani ukafutwa na mtaji uliopotea. Sina sababu ya kupinga ushahidi uliokuwa mbele ya majaji. Ninachotaka tukione ni kwamba tangu siku hiyo hesabu za mama anayefanyia kazi nyumbani zimekuwa jambo la kisheria. Kazi yake inahesabiwa, lakini hata shilingi aliyopewa inahesabiwa pia, na mizani hiyo inahitaji daftari.

Gharama zilizohama ofisini zikaingia jikoni

Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa na kuanza mpango wa kufufua uchumi. Tumezoea kuusimulia mpango huo kwa lugha ya thamani ya shilingi, ruzuku na ubinafsishaji. Tuusimulie mara moja kwa lugha ya jiko. Wazazi walirudishwa kuchangia elimu. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za serikali. Wafanyakazi wa umma walipunguzwa. Kila shilingi iliyofutwa katika bajeti ya wizara iliandikwa upya mahali pengine, na mahali hapo palikuwa bajeti ya kaya. Mgonjwa aliyeruhusiwa mapema hospitalini alihitaji mtu wa kumwuguza nyumbani. Mtoto aliyerudishwa kwa kukosa mchango alihitaji mtu wa kuutafuta kabla ya Jumatatu.

Hapa Mwanza miaka hiyo hiyo ilileta sangara. Samaki huyu aliingizwa ziwani wakati wa ukoloni, akazaliana sana kuanzia miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu ya kuuza Ulaya vikaota ufukweni. Jiji lilipata ajira na fedha za kigeni. Lakini wanawake waliokuwa wakinunua samaki mialoni, wakawakausha au kuwakaanga uani na kuwauza, walijikuta wakishindana na magari ya barafu ya viwanda. Wengi walibaki na dagaa, au na mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki baada ya minofu kuondoka. Umoja wa Ulaya ulipoweka vizuizi zaidi ya mara moja kati ya mwaka 1997 na 2000, ilidhihirika kwamba hata fedha za sangara zilikuwa fedha za msimu, isipokuwa msimu huu uliamuliwa Brussels.

Dagaa nao wana msimu wao. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu mitumbwi hupumzika. Kaya inayotegemea dagaa huishi kwa kalenda ya mwezi wa angani, kama kaya ya mwalimu inavyoishi kwa kalenda ya mwezi wa mshahara. Katika kalenda zote mbili, siku za mwisho ni za mama.

Nyegezi ya leo na hesabu ya maandazi

Leo Nyegezi ina msimu mwingine kabisa: msimu wa wanafunzi. Tangu Bodi ya Mikopo ianze kazi mwaka 2005, fedha za kujikimu za wanafunzi, ambazo vijana huziita bumu, zimekuwa mvua ya mtaa. Bumu likiingia, chakula kinanunuliwa, vyumba vinalipiwa, nywele zinasukwa, nguo zinashonwa. Chuo kikifungwa, mtaa unanyamaza. Mama anayepika, anayeshona au anayegandisha barafu nyumbani kwake hupanga maisha ya watoto wake kwa ratiba ya mitihani ya watoto wa wenzake.

Tuchukue mfano wa kufikirika, kwa ajili ya hesabu tu. Mama anakaanga maandazi 100 kila alfajiri na kuyauza shilingi 200 kila moja. Unga, sukari, mafuta na mkaa vinamgharimu 14,000. Mwalimu wa semina atamwambia faida ni 6,000. Lakini maandazi kumi yameliwa na watoto wake kabla ya shule. Mkononi ana 18,000, na akitoa gharama anabaki na 4,000. Je, biashara imepoteza 2,000, au familia imepata kifungua kinywa? Saa alizotumia tangu saa kumi alfajiri zimelipwa na nani? Jiko, ua na maji ni vya nani? Siku mtoto akipata homa na zile 14,000 za unga wa kesho zikaenda dukani kununua dawa, mradi unakufa. Jirani atasema mama amekula mtaji. Ukweli ni kwamba mtaji umeliwa na familia yote, tena kwa haki.

Ndiyo maana ushauri wa kutenganisha mifuko, japo ni sahihi kitabuni, huwa mgumu kutekelezeka. Mifuko haitengani kwa sababu mama ndiye bima ya kaya. Sheria ya Ndoa inaweka jukumu la matunzo juu ya mume kadiri ya uwezo wake, na haimlazimishi mke isipokuwa mume anapokuwa hajiwezi. Katika maisha, uwezo wa mume ukipungua, jukumu huhamia kwa mke kimya kimya, bila hati ya makabidhiano.

Akina mama hawakukaa wakisubiri kuokolewa. Upatu, mchezo na kibati ni taasisi za fedha zilizotangulia mabenki katika mitaa yetu. Kazi yake ni ile ile niliyoieleza: kuzikusanya fedha ndogo za kila siku ziwe fedha kubwa ya siku moja, ya ada au ya bati. Ni kinyume cha pamba. Baadaye vikaja VICOBA vyenye masanduku na vitabu vya wanachama, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ikaviweka vikundi hivi chini ya usajili. Mwaka huo huo sheria iliagiza halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya vikundi vya wanawake. Mwaka 2023 mikopo hiyo ikasitishwa kwa muda. Tazama pia upande wa makusanyo. Julai 2021 serikali ilianzisha tozo ya miamala ya simu, na baada ya malalamiko ya wananchi ikaipunguza. Mama aliyepokea fedha za matumizi kutoka kwa mume aliye mgodini Geita alikatwa tozo juu ya fedha ya mboga. Dola imejifunza kumwona mama pale anapotoa. Bado haijajifunza kumwona pale anapozalisha.

Daftari kama ushahidi

Mwanauchumi na mbunge wa zamani wa New Zealand, Marilyn Waring, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1988 jinsi mfumo wa kimataifa wa hesabu za taifa unavyoacha nje huduma za nyumbani zisizolipwa. Mfumo huo ndio unaotumika kukokotoa pato letu. Chakula cha mama lishe kimo ndani ya pato la taifa. Chakula kile kile, sufuria ile ile, akimpakulia mwanawe, kinatoka nje. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imewahi kupiga hatua ya kusifiwa: utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2006 ulipima pia matumizi ya muda, na tafiti za baadaye zimeendeleza kazi hiyo. Zote zinaonyesha kwamba wanawake hutumia saa nyingi zaidi kuliko wanaume katika kazi zisizolipwa. Takwimu zipo. Kilichobaki ni kuziruhusu ziingie kwenye vikao vya bajeti.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma, fomu ina nguvu kuliko hotuba. Tunapoandika "mama wa nyumbani" katika nafasi ya kazi, kisha tukamnyima mkopo kwa kuwa hana kazi, tunarudia kampeni ya mwaka 1983 kwa wino. Kwa wanaharakati, hukumu ya Bi Hawa inafanya kazi siku ndoa inapokufa. Ndoa nyingi hazifi. Zinaendelea, na ndani yake mama hana kauli rasmi juu ya mali anayoitunza, isipokuwa pale sheria inapodai ridhaa yake kabla ya nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani. Ridhaa hiyo isigeuke sahihi ya haraka dirishani. Kwa wanafunzi, hasa wa uhasibu na historia, hapa kuna utafiti unaowangoja nje ya lango: madaftari ya VICOBA, karatasi za upatu, kumbukumbu za bibi zenu kuhusu miaka ya foleni. Nyaraka hizo zinaliwa na mchwa wakati sisi tunasubiri mafaili ya kikoloni yafunguliwe.

Na kwa mama mwenyewe, aliyenunua daftari la kurasa 100 na kuandika "unga", "mkaa", "dawa ya mtoto", ushauri wangu ni mmoja. Andika hata kile ambacho watoto wamekula. Usikiite hasara. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema kwamba ustawi wa familia ni uchumi. Wewe andika kiasi chake na tarehe.